Kurasa 34 tulizozitupa, na nilichojifunza kuhusu kufundishana elimu huria chuoni

Ijumaa moja ya mwezi wa tano 2023, kwenye saa tisa alasiri, Dokta mmoja wa kitivo cha elimu aliingia maktaba na fleshi mkononi, anatabasamu. Yeye na wasaidizi wake wawili walikuwa wametumia wiki sita kutafsiri kijitabu cha kufundisha kusoma madarasa ya awali, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, ili kiwe sura ya pili ya kitini chake cha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kurasa 34, zimepangwa vizuri, hadi maneno yaliyokuwa ndani ya michoro walikuwa wameyabadilisha moja moja. Akaniambia, dada, hebu fungua uone kazi. Nikafungua ile tafsiri, alafu kwa mazoea ambayo ndo nilikuwa nimeanza kuyapata nikafungua na kijitabu cha asili nikashuka mpaka ukurasa wa mwisho, chini kabisa pale maandishi yanapokuwa madogo kama ya kwenye boksi la dawa. Pameandikwa CC BY-NC-ND.

Kwa ambaye hajakutana nazo, hizo ni alama za leseni za Creative Commons, ruhusa ambazo mwenye kazi anaziweka juu ya kazi yake: BY ni umtaje mwenyewe, NC ni usiifanyie biashara, na hizo herufi mbili za mwisho, ND, maana yake unaruhusiwa kunakili na kugawa kama kilivyo lakini huruhusiwi kugawa kilichobadilishwa, na kutafsiri ni kubadilisha. Kujitafsiria ukasoma mwenyewe nyumbani hamna shida, shida inaanza pale unapompa mwanafunzi. Kwahiyo kurasa 34 zote, wiki sita za watu watatu, zilikuwa haziwezi kutoka kwenye ile fleshi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kile kijitabu nilimpa mimi. Kilikuwa kwenye orodha yangu ya "vitabu vya bure" niliyoigawa kwenye semina, orodha nzuri tu, ina jina la kitabu na linki, ila haina safu ya leseni. Naandika haya kwa ajili ya wakutubi wenzangu na wahadhiri wanaoambiwa siku hizi kwamba chuo kinataka "kwenda na elimu huria", yaani kutumia na kutoa vifaa vya kufundishia ambavyo wenyewe wameruhusu watu wavitumie bure, maana njia hii mimi nimeipita kwa gharama na sioni sababu na wewe upite hapo hapo.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mkutubi kwenye chuo cha kawaida kanda ya Ziwa, siyo kikubwa siyo kidogo. Mwaka 2021 tulikuwa na kozi moja ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi zaidi ya mia nne na kitabu chake cha kiada tulikuwa nacho nakala sita, mbili zimechanika. Wanafunzi walikuwa wanategemea kompendiamu, ile rundo la karatasi ambalo mhadhiri analiacha steshenari na kila mtu anaenda kutoa kopi yake, kurasa 180 kwa shilingi mia mia ni elfu kumi na nane kwa kozi moja tu, na mwanafunzi ana kozi sita au saba na bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, halijaingia. Nilikuwa nawaona wanakopiana zamu zamu, mmoja anasoma usiku mwingine alfajiri. Ndipo nikaanza kusoma kuhusu OER, rasilimali huria za elimu, jina ambalo lilitoka kwenye kikao cha UNESCO cha mwaka 2002, na nikaona hapa ndo kwenye jibu letu.

Nikaandika andiko, tukapata hela kidogo, tukafanya warsha ya siku mbili hotelini. Wahadhiri na wakutubi karibu arobaini, chai ya saa nne, posho, vyeti vya ushiriki, picha ya pamoja. Nilifundisha maana ya OER, historia yake, leseni sita za Creative Commons kwenye slaidi moja iliyojaa, nikaonyesha tovuti kumi na tano kwa dakika arobaini. Watu walifurahi kweli na mimi nikafurahi. Baada ya miezi minne nikazunguka ofisi kwa ofisi kuuliza nani ametumia nini, na jibu lilikuwa hamna. Hata mmoja. Na siyo kwamba ni wavivu, wale watu wanafundisha vipindi kumi na nane kwa wiki na wanasahihisha mitihani ya UE mpaka usiku, ila hakuna aliyetoka kwenye ile warsha na kitu chake mwenyewe mkononi. Walitoka na maneno yangu tu.

Hapo nikakubali kwamba hata mimi mwenyewe sijui vizuri. Nilikuwa najua maneno lakini mtu akiniletea kitini na kuniuliza "hii picha naruhusiwa?" nilikuwa nababaika. Nikaamua kusoma ile kozi ya cheti ya Creative Commons, wiki kumi mtandaoni, wana njia ya walimu na njia ya wakutubi wa vyuo. Ada ilikuwa dola 500, kwa kiwango cha wakati ule ni milioni moja na laki moja na ushee. Chuo kilisema hakina fungu. Nikakopa saccos, na mume wangu sikumwambia kiasi kamili mpaka mkopo ulipofika nusu, jambo ambalo halikuwa sawa na nisingependa mtu aige. Sasa kitu ambacho ningependa ukijue kabla hujakopa: masomo yenyewe ya ile kozi yako wazi kabisa kwa leseni ya CC BY, unaweza kuyapakua yote ukasoma bure. Unacholipia ni mwalimu wa kukusahihishia, wenzako wa kujadiliana nao, na cheti. Mimi nilimhitaji mwalimu kwasababu sina nidhamu ya kusoma peke yangu usiku, wewe jipime. Na pia OER Africa, ambao wako chini ya Saide ya Afrika Kusini, wana masomo mafupi ya bure ya kujisomea kuhusu kutafuta, kurekebisha na kuchapisha, ningeanzia huko nikijua ninachojua leo.

Zile wiki kumi zilikuwa ngumu. Mjadala wa moja kwa moja ulikuwa saa nne usiku kwetu, mtoto amelala pembeni, bando linakata katikati ya sentensi, umeme ukiondoka nahamia kwenye simu. Sehemu ya sheria ya hakimiliki nilirudishiwa kazi mara mbili. Nililia ile mara ya pili, nasema ukweli, nilijiona sifai na nimekopa hela ya watu. Mwalimu aliniandikia kwamba nimeeleza sheria ya Marekani vizuri ila nimesahau naishi wapi, na ni kweli, nilikuwa naongelea "matumizi ya haki" ya Wamarekani kama vile yanatuhusu moja kwa moja wakati sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 yenye vifungu vyake na ruhusa zake. Hilo kosa nimelikuta kwa wahadhiri wengi sana baadaye, mtu anasema "ni kwa ajili ya elimu kwahiyo inaruhusiwa", basi. Soma sheria ya kwako. Na soma pia mkataba wako wa ajira na sera ya chuo kuhusu nani anamiliki kitini ulichoandika kazini, maana huwezi kuweka leseni huria juu ya kitu ambacho siyo chako kutoa.

Kilichonifungua macho kwenye kozi ni tofauti kati ya kuchanganya na kukusanya. Mimi naielezea hivi kwa wenzangu: unga wa lishe na sinia. Kwenye unga wa lishe umesaga mahindi, soya, karanga na ulezi pamoja, huwezi tena kumwondoa mmoja, kwahiyo masharti ya kila kiungo lazima yapatane. Kwenye sinia wali uko huku, maharage kule, mchicha pembeni, kila kimoja kinabaki na masharti yake mradi umeandika wazi kipi ni kipi. Nusu ya maswali ninayoletewa yanaishia hapo, unasaga au unapanga kwenye sinia?

Niliporudi sikuomba warsha nyingine. Nilimfuata yule Dokta wa KKK nikamwambia kitu kimoja tu, lete kitini unachofundishia semista hii, hicho hicho, kilivyo. Tukawa tunakaa kila Alhamisi saa tisa kwenye meza ya nyuma ya maktaba karibu na magazeti ya zamani. Siku ya kwanza tulihesabu picha: 22. Tano alipiga mwenyewe shuleni. Kumi na saba alizitoa "Google", yaani hajui zilikotoka. Nilivyoanza kuziwekea alama nyekundu nikaona uso wake umebadilika, akafunga kompyuta taratibu akaniuliza, "Dada, kwahiyo mimi miaka yote hii ni mwizi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Mtu ana miaka ishirini kwenye kazi, ni mkubwa kwangu, na mimi nakaa nampigia mistari myekundu kama mwanafunzi. Nilimwomba radhi, nikamwambia hapana Dokta, hukuwahi kuambiwa, na mimi ndo niliyetakiwa kukuambia. Tangu siku hiyo situmii rangi nyekundu, naandika maelezo kwa penseli pembeni, na naanza na vitu ambavyo viko sawa. Zile picha zake tano za shuleni zilikuwa nzuri kuliko zote za Google na tukaanza kwa kuziandikia jina, mpigaji na leseni. Hata hapo tulisimama kidogo maana kwenye mbili kulikuwa na sura za watoto, na leseni ya picha haikupi ruhusa ya mzazi, kwahiyo hizo mbili tukaziondoa akaenda kupiga nyingine zinazoonyesha mikono na madaftari.

Ndo tukaenda hivyo mpaka ile Ijumaa ya kurasa 34. Aliniuliza kama tunaweza kuomba ruhusa. Niliwaandikia wenye kijitabu barua pepe nzuri, nikasubiri, nikakumbusha, miezi miwili na zaidi kimya. Tukakata tamaa. Sasa sikiliza tulichofanya maana ndo kimesaidia: mawazo hayamilikiwi, maneno na michoro ndo yana mwenyewe. Dokta alifunga kijitabu na ile tafsiri, vyote viwili, akaandika sura upya kwa maneno yake kutokana na alivyofundisha miaka yote, bila kuangalia. Alitoa kurasa 19. Na tulipohitaji shughuli za darasani tukachukua za TESSA, ule mradi wa mafunzo ya walimu ulioanza 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, wana toleo la Kiswahili la Tanzania, leseni yake ni BY-SA, ruksa kubadilisha mradi na wewe utakachotoa ukiweke chini ya masharti yale yale.

Hapo nikafanya kosa la pili. Tulitaka hadithi za kusomea watoto, nikampeleka African Storybook ambako kuna hadithi nyingi za Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, nikamwambia chukua tu, hawa ni CC BY. Nyingi ni hivyo kweli. Ila baadhi ni BY-NC, na tulikuwa tumeshaisaga moja ya hizo ndani ya shughuli ya TESSA, tumeifupisha na kuipachika maswali katikati. BY-SA inataka kazi mpya iwe BY-SA, yaani hata biashara iruhusiwe, na NC inakataza biashara, havikai chungu kimoja. Bahati nzuri niliikuta kabla haijatoka. Tuliitoa kwenye unga tukaiweka kwenye sinia: hadithi nzima bila kubadilishwa, nyuma kwenye kiambatisho, na leseni yake imeandikwa chini. Tangu hapo naangalia leseni ya kila kipande, siyo ya tovuti. Hata OpenStax, wale wa vitabu vya kiada kutoka Chuo Kikuu cha Rice, nilipoviangalia kitabu chao cha saikolojia kilikuwa BY na cha calculus kilikuwa BY-NC-SA, nyumba moja masharti tofauti. Na ndani ya kitabu hicho hicho picha inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, soma maelezo yaliyo chini yake.

Swali lililotuchosha kuliko yote lilikuwa la steshenari. Mwanafunzi akipeleka kitu chenye NC kutoa kopi na mwenye steshenari akachukua mia yake kwa ukurasa, si biashara hiyo? Watu walibishana mpaka chai ikapoa. Kesi ya karibu niliyoipata ni ya Marekani, Great Minds dhidi ya FedEx Office, ambapo mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilisema duka la kopi linalonakili kwa maagizo ya shule halijavunja masharti ya NC, kwasababu duka linafanya kazi kwa niaba ya shule ambayo yenyewe ina ruhusa. Hiyo siyo mahakama ya kwetu na siwezi kukuambia kwetu itaamuliwaje. Sisi tulichoamua ni kwamba vitini vyetu wenyewe hatuviwekei NC, ili hata mwenye steshenari mwoga asimkatalie mwanafunzi.

Wakutubi, hapa nina neno la pembeni. Tulivyopandisha toleo la kwanza kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo nilipandisha PDF peke yake, na ni PDF nzito ya MB 48 kwa ajili ya picha. Wanafunzi hawakuifungua. CR mmoja, yaani kiongozi wa darasa, akanifuata akaniambia kwa upole, mama, bando la siku linaisha kwenye kitini kimoja. Tukapunguza picha ikafika MB 6, tukaweka na faili la Word pembeni ili mwalimu mwingine aweze kurekebisha bila kuanza kuchapa upya, na CR akaisambaza kwenye WhatsApp. Kitu kilichofungwa kwenye PDF iliyoskaniwa kinaweza kuwa na leseni huria juu yake na bado mtu asiweze kukifanyia chochote.

Kuhusu wakubwa. Wahadhiri wataniuliza wazi, "hii ina pointi za kupanda daraja?" na swali ni halali, watu wana familia. Kwetu haikuwa nazo na mpaka leo haina za kutosha, na jambo hili linanisikitisha kwasababu kitini kinachotumiwa na mia nne kinahesabiwa kidogo kuliko makala isiyosomwa na mtu. Kilichosaidia kidogo ni kuambatanisha Pendekezo la UNESCO la OER la Novemba 2019 kwenye dokezo langu, eneo lake la kwanza kabisa ni kujengea watu uwezo, na nikaomba kitu kidogo: saa mbili kwa wiki zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi. Walikubali kwa semista moja. Ukiomba, omba muda, hela ya hoteli achana nayo.

Kwa hizo saa mbili tulifanya mafunzo ya pili, 2024. Watu kumi na wawili, wamekaa wawili wawili mkutubi na mhadhiri, wiki nane, kila Alhamisi, chai na maandazi ya mama wa kantini. Sharti la kuingia lilikuwa moja, uje na kitini unachofundishia sasa hivi. Hamna slaidi za historia. Wiki ya kwanza kila jozi inahesabu picha zake na kutafuta zilikotoka, wiki ya pili inaandika chini ya kila kilicho cha mtu mwingine: jina la kazi, aliyeitengeneza, ilikotoka, leseni. Kuanzia wiki ya tatu kila mtu anahangaika na yake na mimi nazunguka. Jozi mbili ziliacha katikati, mmoja alihamishwa kituo na mwingine alisema wazi hataki kutoa kitini chake kwasababu kompendiamu inamwingizia kitu, na nilimshukuru kwa kusema. Jozi nne zimemaliza. Wakutubi wanne waliobaki sasa wanaweza kujibu swali la leseni bila kunipigia simu, na hili kwangu ni kubwa kuliko vile vyeti arobaini vya hotelini.

Kitini cha KKK kimeendelea kutembea. Mwezi wa nane uliopita mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa BTP, mazoezi ya kufundisha, kwenye shule ya msingi Ukerewe alimtumia Dokta sauti ya WhatsApp, nyuma unasikia watoto wanapiga kelele za mapumziko. Anasema, shikamoo Dokta, ule mfano wa silabi kwenye ukurasa wa 11, wa mbuyu, huku darasa zima hakuna mtoto aliyewahi kuuona wamebaki wananiangalia tu, nimeweka sato na furu, samaki wa huku, wakasoma wote hadi wa nyuma. Dokta alibadilisha jioni ile ile, na alivyonitumia faili nipandishe nikakuta juu imeandikwa toleo la 1.3, na kwenye ukurasa wa wachangiaji, chini ya jina lake na la wasaidizi wake, ameongeza jina la yule binti.